Hukumu ya Kucheza Gemu za Zamani kwa Kompyuta

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Baadhi ya familia za visiwani zina vijana walio kikazi Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma. Mashine ya gemu ya zamani ikiharibika, vipuri ni taabu kupatikana. Kijana huweka programu ya emuleta kwenye kompyuta, akafungua kibanda na kuwalipisha wachezaji. Wazazi wanauliza: jee, pato hilo ni halali?

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Emuleta ni programu inayoiga kazi ya mashine fulani, mathalan PlayStation iliyotoka Japani mwaka 1994, ili kompyuta iendeshe gemu za mashine hiyo. Emuleta ni kitu kimoja, na gemu ni kitu chengine.

Emuleta yenyewe inajuzu, kwani asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Hata huko Marekani, mwaka 2000 mahakama ya rufaa iliiondolea kampuni ya Connectix zuio la kuuza programu yake ya kuiga PlayStation, katika kesi iliyofunguliwa na Sony.

Ama gemu, hiyo ni mali ya mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivunja. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 nayo inalinda programu za kompyuta, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Basi kunakili gemu bila ya idhini na kuifanyia biashara haijuzu, ijapokuwa gemu ni kuukuu.

Liko na jambo linalosahauliwa: wawili kucheza kwa sharti kuwa atakayeshindwa ndiye atakayelipa. Hiyo ni kamari, iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Kila mmoja alipe sehemu yake kabla ya kuanza.

Kwa hivyo hatumwambii kijana afunge kibanda. Atumie gemu ambazo wenyewe wameziruhusu kwa kazi hiyo, aondoe sharti la mshindwa kulipa, na asimame wakati wa sala. Akifanya hivyo, ujira wake ni halali, inshaallah.

Wallahu aalam.