Chapati ya Maposeni na Hoteli ya Mhindi

Haya wandugu, wiki ya majaribio imeisha na nimetoka mzima, sasa nilipe deni. Niliwaahidi stori ya msosi. Siyo ya kuwatamanisha saa sita usiku, hii ni historia. Anayesoma Historia hapa Mlimani asiponiunga mkono leo, basi kazi ipo.

Ubishi ulianzia bwenini. Boom lilikuwa limetoka, jamaa wawili wakataka twende mjini Uhindini tukale biriani kwenye hoteli ya Kihindi, eti "tukale chakula cha watu". Jamaa wa tatu, mtu wa Njombe, akagoma. Hela yake hailiwi na Mhindi, akasema. Yeye ni chai, chapati na sambusa za mama pale njiani, chakula chetu wenyewe. Chumba kizima kikamshangilia. Mimi nikabaki nacheka. Chai, chapati, sambusa! Mtu amegoma kula cha Mhindi, na anakila kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Nikaanza kuwaza kwetu. Kwa wasiopajua, Maposeni ipo wilaya ya Songea, mkoa wa Ruvuma, jirani na Peramiho ya Wabenediktini. Hoteli ya Kihindi sijawahi kuiona pale, wala duka la mikate lenye vioo na feni. Kilichopo ni meza kando ya barabara, karai la mafuta juu ya moto, beseni lililofunikwa kitambaa, chupa ya chai. Andazi mia mbili, chapati mia tano. Kuna sambusa, bagia, vitumbua, skonzi, na mkate wa kukata uliopanda gari kutoka Songea mjini. Ukipita haraka utasema hapa Mhindi hajawahi kukanyaga. Sasa iangalie tena hiyo meza.

Chapati ni jina la Kihindi kama lilivyo. Bagia ni ya Wagujarati. Sambusa asili yake Uajemi, ikazunguka Uarabuni na India kabla ya kutua kwetu. Hata hela unayolipia: pesa ni neno la Kihindi, na laki ni hivyo hivyo. Na nyuma ya meza, shamba la bibi yangu limejaa mahindi. Ruvuma ni kati ya mikoa inayolisha nchi hii kwa mahindi, zao lililotoka Amerika na kuvushwa bahari na Wareno, lakini watu wa pwani wakalibatiza jina la Mhindi. Yaani Mngoni anayekula ugali anamtaja Mhindi kila siku bila kujua!

Upande wa pili wa meza nao una mambo yake. Skonzi ni neno la Kiingereza lililovaa kanga. Hamira ni Kiarabu. Andazi angalau ni letu, linatokana na kuandaa, ila unga wake ni wa ngano, na ngano ina stori yake, nitaifikia.

Basi tuanze mbali kidogo. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita kwenye pwani yetu. Mogadishu alilishwa wali uliopikwa kwa samli na michuzi juu yake, na pembeni akawekewa achari ya ndimu na ya embe. Kisha akashuka mpaka Kilwa. Vasco da Gama naye alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi wameshatangulia. Kwa hiyo ladha hizi pwani zina miaka mingi kuliko Mzungu.

Swali langu ni lini zilipanda Ungoni. Maana njia ilikuwepo. Karne ya 19 misafara ilitoka Kilwa kwenda mpaka Ziwa Nyasa, na nyuma ya misafara mingi kulikuwa na mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Kilwa na Zanzibar. Lakini misafara ile haikupandisha achari wala biriani. Ilipandisha vitambaa, shanga na bunduki, ikashusha pembe za ndovu na watu. Ukiona leo tunakula pilau ya Krismasi kwa raha, kumbuka mawasiliano yetu ya kwanza na bahari hayakuwa ya kukaribishana chakula.

Wahindi wa bara waliingia kwa njia mbili. Ya kwanza mnaijua toka sekondari, reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Karibu 2,500 walikufa, wengi wakarudi kwao, kama 6,700 wakabaki. Kwetu Songea reli haikufika. Tulipata njia ya pili, duka. Aliyevuma zaidi ni Allidina Visram, aliyefariki 1916, alianzia pwani ya kwetu huku akatandaza maduka mpaka Uganda. Wadogo zake kibiashara wakafuata maboma ya Wajerumani: penye boma, pana duka. Na Mjerumani mwenyewe alikuwa anatumia rupia! Rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka walipobadilisha ikawa heller 100 mwaka 1904. Kodi iliyotuchukiza ilidaiwa kwa sarafu yenye jina la Kihindi.

Songea mjini nako maduka ya Waasia yakaota. Nguo, chumvi, mafuta ya taa, unga wa ngano. Mwenye duka alikaa mbele, familia ikala nyuma. Na huko nyuma, mara nyingi aliyekanda unga na kugeuza chapati kwenye moto alikuwa kijana wa Kiafrika aliyeajiriwa jikoni. Huyo kijana msimsahau, nitamrudia.

Mkate ulikuja na watu wengine. Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Walikuja na mazoea ya kwao, na kwao chakula ni mkate. Walitufundisha Baba Yetu, na ndani ya sala hiyo tunaomba mkate wa kila siku. Fikiria babu yake babu yangu, mtu wa ugali, anapiga magoti anaomba kitu ambacho nyumbani kwake hakijawahi kupikwa. Mkate ukawa kitu cha altareni na cha mezani kwa padri, baadaye cha karani, mwalimu na mganga. Mpaka leo kwetu mgonjwa akilazwa ndugu wanabeba mkate. Ni chakula cha heshima, hata ukiwa mkavu unaokwaruza koo.

Sasa hapa ndipo penye uchungu, someni taratibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, miaka ya 1940, chakula kilipungua na serikali ya Mwingereza ikaweka mgao Dar es Salaam. Mgao ule ulipangwa kwa rangi ya mtu. Mwafrika fungu lake ni unga wa mahindi. Mwasia anapata mchele na ngano. Mzungu ana lake. Hawakuangalia una mshahara gani wala umezoea kula nini, waliangalia wewe ni nani kwenye daftari lao. Yaani kulikuwa na karatasi ya serikali inayosema, kwa vitendo, kwamba chapati siyo chakula cha Mwafrika.

Ndiyo maana jamaa wa Njombe aliposema chapati ni chakula chetu nilicheka, lakini sikutaka kumzomea. Miaka themanini hivi iliyopita mtu mwenye ngozi kama yake asingeruhusiwa kuisema sentensi hiyo na ikawa kweli.

Tukapata uhuru 1961, Azimio la Arusha likaja 1967. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Waasia (angalia, hata kipimo chenyewe ni laki!). Wengi wakafungasha kwenda Uingereza na Canada. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili vijiji viendeshe ya ushirika. Kwa waliodharauliwa dukani miaka yote ile, nawaelewa waliofurahi. Shida ni kwamba duka la kijiji lilifunguliwa, rafu zikabaki tupu.

Halafu vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, nchi ikatoka imeshinda na imefilisika. Bibi yangu akianza kusimulia miaka hiyo haishi. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa ngano ndiyo usiseme. Anasema mwaka mmoja Krismasi walipata unga kidogo, akakanda chapati nane kwa watu kumi na mmoja, akazikata robo robo kama keki. Watoto wa wakati ule, yaani wajomba zangu, mpaka leo wakila chapati wanakula taratibu, utadhani inahesabiwa. Serikali haikukaa bure, miaka ya 1970 ilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, Hanang, kwa msaada wa Canada. Lakini Wabarabaig walinyang'anywa malisho yao kwa ajili hiyo, na nchi bado haikujitosheleza kwa ngano.

Milango ikafunguliwa enzi za Mzee Mwinyi, aliyeingia madarakani 1985 na mwaka uliofuata nchi ikakubaliana na IMF. Ndipo akina Said Salim Bakhresa wakapata uwanja. Huyu mzee wa Zanzibar alianza kwa kuuza viazi, akawa na mgahawa mdogo miaka ya 1970, akaingia kwenye kusaga nafaka, na leo unga wa Azam upo mpaka kwenye vibanda vya Maposeni. Mnaona ilivyozunguka? Unga unaokaangiwa andazi kwetu umetoka kwa mtu aliyeanzia kwenye sahani ya mgahawa.

Na hapo ndipo yule kijana wa jikoni anaporudi. Ujuzi haukutaifishwa na haukupanda ndege kwenda London. Ulibaki mikononi mwa wapishi, ukahamia kwa wake zao, kwa binti zao, kwa majirani. Unga ulipopatikana, wao walikuwa tayari. Chapati ikashuka kutoka jikoni kwa tajiri ikakaa barabarani, bei ikashuka nayo. Na ikabadilika. Siku nyingine mkienda hoteli ya Kihindi agizeni chapati muone: mtaletewa kitu chembamba, kikavu, cha unga wenye pumba. Chapati yetu yenye tabaka na mafuta wao wangeiita parata. Mama wa Maposeni anakanda unga mweupe na maji ya moto, anapaka mafuta, anaviringisha kama konokono, anasukuma tena, anakaanga. Hiyo siyo ya Gujarat wala siyo ya Peramiho. Hiyo ni ya kwake.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa kipi bora, hoteli ya Mhindi au meza ya mandazi, nasema mnagombanisha ndugu. Biriani ya Uhindini na sambusa ya barabarani zina babu mmoja. Ubaguzi haukuwa kwenye chakula. Ulikuwa kwenye nani apate unga na nani asipate, kwanza kwa karatasi ya mkoloni, halafu kwa foleni, na siku hizi kwa bei.

Bei hiyo msiidharau. Ngano yetu nyingi bado inatoka nje. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa pili 2022, ngano ikapanda duniani na mafuta ya kula yakapanda. Niliporudi likizo mwaka ule andazi la Maposeni lilikuwa bei ile ile, ila limekonda. Nikamuuliza mama mmoja pale barabarani, "Shikamoo mama, mbona siku hizi madogo hivi?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Nikipandisha mia hawanunui, wanafunzi hawana. Kwa hiyo napunguza donge." Faida yake ilikuwa kwenye lile donge, ndiyo ada ya shule ya watoto wake, na vita ya watu asiowajua ikaja kumega hapo hapo.

Mwanahistoria akiandika habari za Waasia Tanzania ataandika reli, maduka, Azimio, majengo. Sawa, ziandikwe. Ila mimi nataka na ukurasa wa wale akina mama pia, maana hawakudai kitu kwa mtu, hawakumfukuza mtu, na ndio waliokichukua chakula kilichokuwa cha wachache wakakiuza shilingi mia tano kwa mtoto wa mkulima wa mahindi. Kama kuna mtu ana haki ya kusema "chakula chetu" bila kuchekwa, ni wao.

Kwa leo naishia hapa. Semina ni saa moja asubuhi na bado sijasoma hata ukurasa mmoja.