Digrii ya uandishi wa habari: kabla hujajaza fomu, soma hii

Wadau wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na huko Ngumbo, kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka swali ni lile lile: nikasomee wapi uandishi wa habari? Wengi wanaanza na jina la chuo. Mi naona tuanze na sheria, halafu mfuko, jina baadaye.

Sheria ya Huduma za Habari ilipitishwa 2016, na kanuni zake za 2017 zikaweka kiwango cha chini cha elimu ya mwandishi kuwa stashahada, yaani diploma. Siyo digrii! Kwa hiyo anayekwambia bila digrii hupati kitambulisho cha mwandishi anakupotosha. Kama kahawa ya mzee mwaka huu haikulipa, diploma siyo aibu. Ukiimaliza na GPA ya 3.0, na kidato cha nne ulifaulu masomo manne, mlango wa digrii bado uko wazi.

Aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. D ni pointi 2, hivyo D mbili zinafika, lakini hicho ni kiwango cha chini tu. Kila chuo kina masharti yake, na yote yamo kwenye mwongozo wa TCU unaotoka kila mwaka. Upo bure kwenye intaneti, usimlipe mtu akusomee.

Na TCU usiichukulie poa. Watu wa Songea wanakumbuka Februari 2016, kibali cha vyuo vya St. Joseph pale mjini kilipofutwa na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Chuo kuwa na majengo haitoshi, angalia kama kozi yenyewe imo kwenye mwongozo wa mwaka huo.

Haya, vyuo sasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliichukua iliyokuwa Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania (TSJ) mwaka 2003, na leo shule hiyo inaitwa SJMC. Kule unachagua uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, au uhusiano wa umma na matangazo. Hivi ni vitu tofauti jamani, kuna watu wanajua hilo wakiwa mwaka wa pili. Kina Mlimani TV na Mlimani Redio. SAUT ya Mwanza, iliyotokana na chuo cha Nyegezi na kuwa chuo kikuu 1998, ina jina kubwa kwenye fani hii na ina redio yake, ila kwa mtu wa ziwa hili kwenda ziwa lile nauli ni kilio. Chuo Kikuu cha Iringa, zamani Tumaini, ndiyo karibu zaidi na sisi: Songea, Njombe, Makambako, umefika.

Ukimpata mwanafunzi wa chuo unachokitaka, achana na habari za mandhari. Muulize: mwaka wa kwanza ulishika kinasa sauti mara ngapi? Habari yako ilirushwa au kuchapwa wapi? Fildi ulitafutiwa au ulihangaika mwenyewe? Redio ya chuo isiyomruhusu mwanafunzi kuingia studio ni pambo tu.

Jambo jingine ni lugha. Mihadhara ni Kiingereza, wakati magazeti na redio nyingi utakakoombea kazi ni Kiswahili. Nenda na vyote viwili. Wewe unayejua bei ya usipa ufukweni, makaa ya mawe ya Ngaka na ule mzozo wa mpaka na Malawi, una habari ambazo mtoto wa Dar hana. Zianze kuziandika sasa hivi.

Bumu je? Omba Bodi ya Mikopo, lakini usipange maisha kwa kulitegemea, maana kozi hizi kwa kawaida haziko mstari wa mbele wa vipaumbele kama sayansi na ualimu wa sayansi. Kaeni kikao cha familia, pigeni hesabu ya miaka mitatu: ada, chumba, chakula, nauli.

Maombi, tangu 2017, yanatumwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa simu, kwa hiyo weka namba yako mwenyewe, siyo ya mwenye kafe.