Disko Matanga Si Kitu Kipya

Wasee, kuna ubishi haujawahi kuisha huku Bungoma na Kitale. Wazee wanasema disko matanga ni upuzi wa vijana, haina uhusiano wowote na mila. Vijana wanajibu, mziki ni mziki, kila mtu aomboleze vile anajua. Mi naona pande zote mbili zinaruka historia.

Tuanzie mbali kidogo. Uingereza, mashabiki wa mziki wa densi wa mitaani wamebishana miaka mingi: jungle, garage, grime na dubstep ni mitindo tofauti, ama ni kitu kimoja kinabadilisha nguo? Mwandishi Simon Reynolds alisema ni mnyororo mmoja. Midundo haifanani, lakini mitambo ya kuusambaza ni ile ile: redio za wizi, madijei na emsii wa mtaa. Kituo cha Rinse FM kilianza 1994 bila leseni, kikaipata 2010. Katikati hapo mitindo imekuja ikaenda, redio ikabaki.

Sasa leta kipimo hicho huku magharibi. Usiulize kama mdundo wa leo unafanana na wa babu. Uliza mziki unapigwa wapi, saa ngapi, na kwa nini. Jibu limekaa pale pale: boma lenye msiba, usiku, watu wakeshe na wafiwa na mchango upatikane.

Kilichobadilika ni vyombo. Wabukusu walikuwa na litungu. Waisukha na Waidakho walikuwa na ngoma za isukuti, ambazo hupigwa harusini na matangani pia. Miaka ya 1950 likaja gitaa kavu la omutibo, mtindo wa George Mukabi: kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinaimba, na pembeni mtu anagonga chupa ya Fanta. Ikafuata benga ya Kiluhya ya akina Sukuma bin Ongaro, gitaa la umeme. Halafu spika, jenereta, na leo dijei na laptopu yake. Usiku huo huo utasikia benga, gengetone, na drill ya Wakadinali ama Buruklyn Boyz, ambayo nusu ya ukoo wake ni mitaa ya London. Minyororo miwili imekutana kwa boma moja.

Ona kichekesho sasa. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza densi ya isukuti kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Upande ule mwingine, maafisa wa serikali wamepiga disko matanga marufuku mara nyingi. Mjukuu anafukuzwa, babu anapewa cheti.

Lakini tusidanganyane. Marufuku haikutoka hewani. Wasichana wa shule wamedhulumiwa kwa hizo disko, wengine wakapata mimba, na vita huzuka usiku. Ukisema "ni culture" ukanyamaza hapo, unawatupa hao wasichana.

Kwa hivyo swali langu ni hili: kwa huo mnyororo, pete gani imekatika? Mi nasema ni mwenye usiku. Mzee wa Kibukusu mwenye heshima akifa, baada ya mazishi kuna kumuse. Msemaji anatembea mbele ya watu, anasimulia historia ya ukoo, anaonya walio hai, na hakuna anayemkatiza. Palikuwa na mtu anayesikizwa. Kwa disko, mwenye sauti ni mwenye spika, na huyo alikuja kulipwa.

Uingereza walijaribu rungu. Mwaka 1992 maelfu ya watu walikesha Castlemorton karibu wiki nzima, na 1994 sheria ikapita: polisi wakaruhusiwa kutawanya mikesha ya wazi ya watu 100 na zaidi, na kubeba vyombo vyao. Mziki haukufa. Uliendelea kwa kumbi zenye leseni, mahali kuna mlango, mtu wa kuangalia umri na saa ya kufunga.

Hiyo ndiyo naona inatufaa. Ukifukuza disko kwa boma huku Bungoma inaingia kwa miwa, ukiifukuza Kitale inaingia kwa mahindi, na huko giza ni zaidi. Afadhali familia ichague watu wazima watatu wa kusimamia, mmoja awe mama. Watoto wa shule waende kulala mapema na kina shangazi. Spika izimwe saa nne, na baada ya hapo gitaa na nyimbo za kawaida ziendelee hadi asubuhi. Dijei akikataa masharti, asilipwe.

Wazee, hii kitu ni yenu, mliianzisha nyinyi. Vijana, mkitaka iitwe mila, mkubali pia ile sehemu ya mila inayoitwa kuchungwa.