Nani Alimsemea Mkulima Bei Ilipoanguka?

Juma lililopita nilisema hapa kwamba bei ya zao inapoanguka mkulima hupoteza vitu viwili: fedha na sauti. La fedha lilieleweka. La sauti lilimkera msikilizaji mmoja wa mjini, ambaye aliniuliza: mkulima ana chama cha ushirika, ana bodi ya zao, ana mbunge, ni sauti gani tena anayoikosa? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa nadharia. Nitarudi nyuma hadi miteremko ya Kilimanjaro kati ya mwaka 1925 na mwaka 1937, kwa sababu swali hilo hilo liliulizwa kule, na jibu lake lilipatikana kwa njia chungu.

Kahawa aina ya arabika ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki waliokuwa Kilema. Walowezi wa Kizungu wakaipanda kwenye mashamba makubwa. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkuu wa wilaya mmoja aliyekaa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga waipande katika vihamba vyao, chini ya migomba. Jambo hilo kwa leo halishangazi mtu. Wakati ule lilikuwa kubwa. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Mwafrika alikuwa hana ruhusa ya kupanda kahawa. Milango ilianza kufunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, na kwa wakulima wengi wa Kenya ya kati ilifunguka hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Walowezi wa Moshi na Arusha walitaka marufuku hiyo iletwe na huku. Walidai kwamba kahawa ya wenyeji ingeeneza magonjwa, ingeharibu jina la kahawa ya Kilimanjaro, na ingekuwa kichaka cha kuficha kahawa ya wizi. Sababu nyingine hawakupenda kuisema kwa sauti kubwa, nayo ni kwamba mtu mwenye kahawa yake nyumbani haamki alfajiri kwenda kuchuma ya mwenzake kwa ujira mdogo.

Ndipo mwaka 1925 kikazaliwa chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi KNPA. Kiongozi wake mashuhuri alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi, mmoja wa wasomi wa mwanzo wa Uchaggani. Chama hiki kilikuwa na kazi mbili katika kikapu kimoja. Ya kwanza ni ya biashara: kununua dawa na mabomba ya kupulizia mibuni, kukusanya kahawa ya wanachama na kuitafutia mnunuzi. Ya pili ni ya kusema. Walowezi walipodai mibuni ya wenyeji ing'olewe, chama kilijibu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, yalipovuma mazungumzo ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, watu wa mlimani waliwatazama jirani zao waliokwisha kupoteza ardhi nchini Kenya, na chama kikausema wasiwasi huo waziwazi.

Hapo ndipo kilipoanza kujitafutia maadui. Wakubwa wa serikali walipenda chama kinachonunua dawa. Hawakupenda chama kinachouliza habari za ardhi. Mamangi nao waliona kuwa wamezaliwa wazee wengine mlimani, wasiovaa joho la uchifu lakini wanaosikilizwa.

Kisha likaja lile anguko. Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na mwaka baada ya mwaka bei za mazao ya mashambani zikalifuata. Kwa kahawa mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani Brazil ilikuwa imelima kupita kiasi hata kabla ya hapo. Serikali ya Brazil iliamua kuiteketeza. Kati ya mwaka 1931 na mwaka 1944 iliharibu magunia yapatayo milioni 78, kila gunia kilo 60. Hebu fikiri, msikilizaji: kahawa ya kuwanywesha watu wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka miwili ilitiwa moto au ikamwagwa, ili iliyobaki ipate bei.

Kwa mkulima wa Kibosho au Marangu balaa hilo lilikuja na kejeli yake. Mbuni hauzai mwaka ule ule unaopandwa. Huchukua miaka mitatu hadi minne. Aliyepanda mwaka 1927 au 1928, bei ikiwa nzuri, alianza kuchuma bei ilipokuwa imekwisha kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kodi, hata hivyo, iliendelea kudaiwa kwa shilingi. Serikali ya Tanganyika, ambayo nayo ilikuwa imekaukiwa, ilikuja na dawa moja: limeni zaidi. Kampeni ya kupanda mazao zaidi ikaenea nchi nzima. Kwa mtu mmoja hesabu hiyo inaonekana nzuri, maana ukiuza mara mbili kwa nusu ya bei umerudi pale pale ulipokuwa, ingawa umechoka zaidi. Lakini wakulima wa dunia nzima wakifanya hivyo kwa pamoja, bei hushuka tena, na wote huchoka bure.

Linganisha na walowezi wa Kenya katika dhiki hiyo hiyo. Nao walikuwa na madeni, nao waliumizwa na bei. Lakini walikuwa na viti katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi, walikuwa na vyama vyao, na walikuwa na watu wanaojua mlango gani wa kugonga London. Mwaka 1931 Benki ya Ardhi ilikwisha kufunguliwa Kenya ili kuwakopesha. Baraza la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa karibu miaka 20 ya kwanza halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Jua lilikuwa moja, bei ya dunia ilikuwa moja, lakini mwavuli alikuwa nao mmoja tu.

Na sauti pekee ya mkulima wa Kilimanjaro ilizimwa wakati huo huo. KNPA ilitikiswa na bei, ikatuhumiwa kutunza hesabu vibaya, na Merinyo akaondolewa kwenye uongozi. Sidai kwamba tuhuma zote zilikuwa za uongo. Chama changa kinachoshika fedha nyingi bila wahasibu hakikosi mashimo. Ninachosema ni kwamba waliokichukia kwa sababu ya maneno yake walipata nafasi ya kukimaliza kwa sababu ya vitabu vyake. Huo ni mtego wa zamani, na vyama vingi vimenaswa humo tangu wakati huo.

Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa, ikiwa na vyama vya msingi mlimani na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Mwaka 1934 ikatolewa amri kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia chama hicho. Asiyetaka hakuwa na njia nyingine ya halali.

Tuwe waadilifu. KNCU haikuwa kitu kibaya. Iliuza kahawa kwa ustadi kuliko mkulima ambavyo angeweza peke yake, ilimwokoa na mchuuzi wa mlangoni, na katika miaka iliyofuata fedha ya kahawa ilijenga shule ambazo watoto wake wamejaa katika maofisi ya nchi hii. Wengine wenu mnaosoma gazeti hili mlisomeshwa na kilo zile. Lakini katika kuhama kutoka KNPA kwenda KNCU kuna kitu kilidondoka njiani, nacho ni ile kazi ya pili. Chama kipya kilikuwa cha kuuza, na msimamizi wake wa juu alikuwa serikali ile ile ambayo mkulima angetaka kulalamika kwake. Chama kikikukata fedha, unamshitaki nani? Ukimwendea Mangi, ndiye aliyetia mkono kwenye amri. Ukimwendea mkuu wa wilaya, ndiye aliyekipenda chama kwa kuwa hakisemi mambo ya ardhi.

Mwaka 1937 bei ikashuka tena, na malipo yaliyofika mikononi mwa wakulima yakawa madogo. Kila anayejua kahawa anajua utaratibu wa malipo ya awali, kisha ya pili, kisha ya mwisho, na jinsi mkulima anavyokaa miezi akihesabu fedha ambayo hajaiona. Safari hii subira iliisha. Makundi ya watu yalivamia maghala ya chama. Polisi wakaletwa, na baadhi ya waliohesabiwa kuwa vinara wakahamishwa mbali na mlima. Mwaka huo huo Bukoba nako kulichafuka juu ya kanuni za kahawa zilizolazimishwa kwa wakulima.

Wapo wanaosimulia mkasa huo kama ujinga wa wakulima waliobomoa ghala lao wenyewe. Mimi sikubaliani nao. Mtu havunji ghala analoliona kuwa lake. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu bei, makato na amri ya 1934, na kila mahali pa kulisemea palikuwa pamefungwa. Lililobaki wazi lilikuwa mlango wa ghala.

Mwaka 1945 Waafrika wawili wa kwanza waliingia katika Baraza la Tanganyika, na mmoja wao alitoka Kilimanjaro. Lakini alikuwa Mangi Abdiel Shangali, aliyechaguliwa na gavana, si na wakulima. Mwaka 1949 ukaundwa umoja wa raia wa Kichagga, na miongoni mwa waliouongoza, pamoja na Petro Njau, alikuwa nani? Joseph Merinyo. Karibu miaka 20 baada ya kung'olewa KNPA, mzee huyo alirudi uwanjani. Alichokirudia hakikuwa biashara ya kahawa. Ilikuwa ile kazi ya kusema.

Baada ya uhuru tungetazamia mambo yabadilike, na kwa kiasi yalibadilika. Hata hivyo mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na malalamiko ya wanachama yaliyojitokeza yalikuwa yale yale: makato mengi, wizi, mikutano ambayo mkulima huhudhuria lakini haamui. Mei 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na mamlaka za mazao zikaanza kununua moja kwa moja kutoka vijijini. Angalia tarehe hiyo. Julai 1975 jalidi ilikuwa imeunguza kahawa ya Brazil, na bei ya dunia ilikuwa inapanda hadi kupita dola 3 kwa ratili mwaka 1977, bei ambayo baba zao hawakupata kuiota. Katika neema hiyo mkulima wa Kilimanjaro hakuwa na chama kikuu cha kumdaia sehemu yake. Kwa hiyo sauti hukosekana hata siku za shibe. Ni kwamba siku za njaa ndipo tunapoona pengo lake. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, wakati nchi yenyewe ilikuwa taabani baada ya vita vya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta.

Yaliyofuata wengi mnayakumbuka. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa kwa kila nchi ulivunjika, na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2001 bei ilifika chini ya senti 50 za dola kwa ratili, na mlimani watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Mwaka 2018 serikali iliagiza tena kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, na mwaka huo huo, wakulima wa korosho wa Kusini walipogomea bei ya mnadani, iliagiza korosho inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaisomba. Amri ya 2018 na ile ya 1934 si ndugu wa baba mmoja. Waliotoa ya kwanza walikuwa wakoloni, waliotoa ya pili ni serikali yetu wenyewe. Lakini mkulima, akiwa amesimama mbele ya mizani, hukutana na jambo lile lile: anayepima kahawa yake ndiye huyo huyo anayetakiwa kumsemea.

Basi, kwa msikilizaji wangu wa mjini, jibu langu ni hili. Chama cha kuuza ni kitu kimoja, na chama cha kusema ni kingine. Mwaka 1993 baadhi ya wakulima walikutana katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakaanzisha MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima. Kazi waliyojipa ilikuwa kujisemea wenyewe, wala si kununua zao la mtu. Unaweza kuubishia mtandao huo katika hili au lile, na mimi nimewahi kuubishia. Lakini ukiona mkulima wa kihamba anasimama mbele ya waziri kuuliza habari za makato, bila kuogopa kwamba kahawa yake itakataliwa kesho ghalani, ujue hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naisema.

Juma lijalo, tukijaaliwa, nitashuka kutoka mlimani kwenda Usukuma, nizungumzie pamba, Paul Bomani, na jinsi wakulima walivyoanza kwa kudai mizani iwe ya haki.