Wentworth Woodhouse: jumba la mabwana lililotetewa na wachimba makaa

Aprili 1946, malori na mitambo ya kuchimba iliingia katika bustani za Wentworth Woodhouse, karibu na mji wa Rotherham, Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, nchi ina uhaba mkubwa wa makaa ya mawe, na waziri aliyehusika na nishati, Emanuel Shinwell, alikuwa ameamuru machimbo ya wazi yasogezwe hadi karibu na kuta za nyumba. Miti iling'olewa, vifusi vikarundikwa mbele ya madirisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield walisema makaa ya pale ni hafifu, lakini amri haikutenguliwa.

Aliyepaza sauti hakuwa mwenye nyumba peke yake. Joe Hall, kiongozi wa chama cha wachimba migodi wa Yorkshire, alimsihi Waziri Mkuu Clement Attlee asimamishe uharibifu ule, na kukawa na tishio la mgomo. Inashangaza kuona watu walioshinda chini ya ardhi wakitetea nyumba ya tajiri, lakini bustani zile ndizo walizotembelea na watoto wao siku za mapumziko. Hati ilikuwa na jina la bwana. Mazoea yalikuwa ya kijiji kizima.

Hati yenyewe ilikuwa imezunguka sana. Katika karne ya 17 mahali hapo palikuwa pa Thomas Wentworth, Lodi Strafford, mshauri wa Mfalme Charles I aliyekatwa kichwa mwaka 1641. Mwanawe alifariki mwaka 1695 bila mtoto, mali ikaenda kwa mpwa wake, Thomas Watson. Jamaa wa upande wa kuumeni, aliyetazamia urithi huo, alinunua shamba si mbali na hapo na kujijengea jumba la kushindana nalo, Wentworth Castle.

Mtoto wa Watson, ambaye baadaye alikuwa Lodi Rockingham wa kwanza, alirithi mwaka 1723 na kuanza ujenzi mara moja. Upande wa magharibi aliujenga kwa matofali, kwa mtindo wa Baroko uliojaa manakshi na madoido. Kazi haijakamilika, fasheni ikageuka. Wakubwa wa chama cha Whig, ambacho naye alikuwa mfuasi wake, walikuwa wamevutiwa na Palladio, msanifu wa Kiitalia wa karne ya 16 aliyefuata vipimo na nguzo za Warumi wa kale. Rockingham hakubomoa alichokijenga. Katika miaka ya 1730 alianza nyumba ya pili kwa mawe, ikiutazama upande wa mashariki, na msanifu Henry Flitcroft akaisimamia. Ndiyo maana leo Wentworth Woodhouse ni nyumba mbili zilizopeana mgongo.

Upande wa mashariki una urefu wa mita 185 hivi, na vyumba vya jumba zima vinapita 300. Husimuliwa kwamba wageni walipewa vipande vya karatasi za rangi wavidondoshe njiani, wapate kurudi vyumbani mwao baada ya chakula cha usiku. Katikati kuna Ukumbi wa Marumaru. Ukisimama pale ukatazama chini, kisha ukainua macho juu, utaona michoro ya sakafu ikijibiwa na michoro ya dari.

Lodi Rockingham wa pili alikuwa Waziri Mkuu mara 2, na serikali yake ndiyo iliyofuta Sheria ya Stempu mwaka 1766, kodi iliyowakasirisha walowezi wa Marekani. Alipenda farasi kupita kiasi. Alimwagiza George Stubbs amchore farasi wake Whistlejacket, karibu kwa ukubwa wake halisi. Picha hiyo ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka 1997 kwa pauni milioni 11.

Rockingham alifariki mwaka 1782 bila mtoto, na kwa mara nyingine mpwa akamrithi mjomba: Lodi Fitzwilliam. Chini ya ukoo huu makaa ya mawe yalileta utajiri mkubwa. Lodi Fitzwilliam wa sita alipofariki mwaka 1902, aliacha pauni milioni 2.8. Lakini ardhi ilidai chake. Julai 1912, Mfalme George V na Malkia Mary wakiwa wageni wa jumba hili, mgodi jirani wa Cadeby ulilipuka na kuua watu zaidi ya 80.

Baada ya pigo la 1946, msiba mwingine ulifuata upesi. Mei 1948, Lodi Fitzwilliam wa nane alikufa katika ajali ya ndege nchini Ufaransa, pamoja na Kathleen Kennedy, dada yake John F. Kennedy. Familia haikuweza tena kubeba gharama. Bibi Mabel, shangazi yake marehemu na mjamaa wa kweli, alifanikisha mpango wa halmashauri kulipanga jumba hilo. Likawa chuo cha walimu wa kike wa mazoezi ya viungo, na wasichana wakajifunza mahali mabwana walipokuwa wakila. Chuo hicho baadaye kiliunganishwa na kile cha ufundi cha Sheffield, ambacho nacho kiliondoka mwaka 1988 kwa kushindwa na matengenezo.

Mwaka 1989 jumba liliuzwa kwa mfanyabiashara, naye akanyang'anywa kwa madeni. Mwaka 1999 msanifu majengo Clifford Newbold alilinunua, akaanza kulikarabati kwa mali yake. Alifariki mwaka 2015. Hatimaye, mwaka 2017, wakfu uliolenga kuhifadhi jengo hilo ulilinunua kwa pauni milioni 7, serikali ikiwa imeahidi pauni milioni 7.6 za matengenezo ya haraka. Mafundi wakapanda juu ya paa lililokuwa likivuja, na milango ikafunguliwa kwa umma.

Kila mmiliki binafsi aliyetajwa hapa alishindwa ama na kifo, ama na deni, ama na gharama. Nyumba kubwa namna hii haiwezi kutunzwa na mfuko wa mtu mmoja, na haifai kuachiwa mtu mmoja. Wachimba makaa wa 1946 waliliona hilo mapema: kilichojengwa kwa jasho la wengi ni haki ya wengi kukitunza na kukifaidi. Iliichukua Uingereza miaka 71 kuliandika hilo katika hati.