Jino la Ziada: Historia ya Dhana Moja na Uuguzi wa Mtoto

Mtoto ni amana. Mwenye kuwekewa amana haruhusiwi kuikata wala kuipunguza kwa dhana, hata kama dhana hiyo imetamkwa na majirani kumi. Leo natuitazame dhana moja iliyowapunguzia watoto wetu viungo vyao, kisha tujifunze namna ya kumuuguza mtoto ambaye jino lake limetolewa kwa haki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalizagaa katika Tanzania maneno ya kwamba watoto wachanga wameanza kuota meno yasiyo ya kawaida. Wengine waliyaita meno ya plastiki, wengine meno ya nailoni. Ilisemwa kuwa meno haya ni ya ziada, kwamba ndiyo yaletayo homa, kuharisha na kutapika, na kwamba hospitali hawayajui. Huko Uganda khabari ya namna hii ilikwisha andikwa zamani. Mwaka 1969 daktari wa Kidenmark, Jens Pindborg, alieleza juu ya watoto wa huko waliotolewa meno wangali wachanga. Kwetu, Wahaya wa Kagera walikuwa miongoni mwa walioguswa sana, hata mtaalamu wa mila, Brad Weiss, akaandika juu yao mwaka 1992.

Dar es Salaam haikusalimika. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa huu una watu zaidi ya 840,000, na ile ya 1988 ikakuta wamepita 1,300,000. Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, kama Manzese, Tandika na Mbagala, watu wa kila mkoa walikaa ukuta kwa ukuta, na kila mmoja alikuja na mzigo wake wa mila. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, mbali na bibi yake aliyezoea kumwuliza, alimsikiliza jirani. Na jirani alimjua mganga.

Basi mganga alifanyaje? Alimfungua mtoto kinywa, akaonyesha uvimbe mweupe katika ufizi, mahali pa chonge, akaupasua kwa kisu, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, akakitoa kitu kidogo cheupe, laini, akamwonyesha mama: "Hili hapa!" Mama aliona kwa macho yake. Nani angekanusha?

Lakini kitu kile kilikuwa nini? Kilikuwa chonge cha mtoto mwenyewe, jino lake halali, ambalo bado halijakomaa. Mtoto ameandikiwa meno 20 ya utotoni, na vichipukizi vyake vimo ndani ya fizi tangu hajazaliwa. Chonge huchelewa kutokeza, aghalabu mpaka miezi 16 au 20, lakini uvimbe wake huonekana mapema, katika miezi ile ile ambayo mtoto huanza kutambaa, kuokota vitu na kuvitia kinywani, na kupewa uji na maji ya nje. Ndiyo miezi ya kuharisha. Mambo mawili yalikutana kwa wakati mmoja, na watu wakadhani moja ni mzazi wa jingine.

Na hapa pana fundisho kubwa la historia hii. Homa nyingi za watoto hupoa zenyewe baada ya siku chache. Aliyepona, mganga alipata sifa. Aliyekufa, mama alilaumiwa kwamba alichelewa kumpeleka. Hukumu ambayo haina njia ya kushindwa, ndugu yangu, si ushahidi.

Hasara yake ilikuwa nini? Wako waliokufa kwa kutoka damu au kwa sumu iliyoingia jerahani. Chombo kimoja kilipita vinywa vingi bila ya kuchemshwa, na hiyo ilikuwa miaka ambayo Ukimwi ulikuwa umekwisha ingia nchini, kwani wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wako waliokufa kwa kukaukiwa maji huku familia ikimtafuta mganga, na ilhali tiba ilikuwa ndani ya nyumba: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, mtoto akinyweshwa kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Na waliopona, wengi wao jino la ukubwani lililokuwa likijiumba chini ya lile la utotoni lilijeruhiwa; likaota bovu, au halikuota kabisa.

Simtukani mama yeyote. Alitenda kwa huruma na khofu. Lakini huruma isiyo na elimu yaweza kuua, na mafakihi wetu wamekubaliana tangu zamani kwamba anayejitia kutibu bila ya kuwa na elimu ya utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta.

Huenda ukauliza: je, hakuna kabisa jino la ziada? Lipo. Na matabibu wa Kiislamu walilijua kabla ya miaka elfu moja. Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyeishi karibu na Cordoba katika Andalusia na kufariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika kitabu chake At-Tasrif katika sehemu 30, na ya mwisho akaifanya ya upasuaji, pamoja na picha za vyombo. Humo alieleza meno yaotayo pasipo mahali pake na namna ya kuyaondoa. Lakini mtu huyo huyo, mwenye koleo mkononi, aliwausia matabibu wasiwe na pupa ya kung'oa, kwa kuwa jino likisha toka halina badala, na akawatahadharisha kuwa maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima badala ya lile bovu. Tazama tofauti: mjuzi alisita, asiyejua akakata.

Jino la ziada la kweli hupatikana kwa watu wachache, mmoja hadi watatu katika kila mia, na wavulana zaidi kuliko wasichana. Mara nyingi hukaa juu, katikati ya meno mawili ya mbele, na huonekana mtoto anapobadili meno, kiasi cha miaka saba au minane: jino la mbele limekataa kushuka, au limepinda. Haliharishi wala halileti homa. Daktari wa meno hupiga picha ya eksirei kwanza, na pengine husema liachwe, kwa kuwa halidhuru kitu. Likilazimu kutolewa, hutolewa kwa ganzi, au mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Kazi hii yafanywa na waliosomea, na Muhimbili imekuwa ikiwafundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970.

Mtoto akirudi nyumbani, kazi ni yako, ewe mama, na yako pia, ewe baba. Katika nusu saa ya mwanzo aume shashi aliyopewa bila ya kuitoa mara kwa mara. Mate yenye wekundu siku ya kwanza yasikutishe. Ganzi hudumu saa kadhaa, basi mkae naye asije akajitafuna mdomo au ulimi kwa kutohisi. Shavu likandwe kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika kumi hivi, kisha lipumzishwe. Alale kichwa kikiwa juu kidogo.

Chakula kiwe laini na kilichopoa: uji, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, mtindi, maji ya dafu. Asinywe kwa mrija, wala asiteme mate kwa nguvu, maana hung'oa damu iliyoganda ambayo ndiyo kifuniko cha jeraha. Siku ya kwanza asisukutue. Siku ya pili na kuendelea, mtoto awezaye kutema asukutue taratibu, baada ya kula, kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida.

Maumivu yatulizwe kwa dawa aliyoandikiwa, ambayo aghalabu ni parasitamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Msimpe aspirini, kwani kwa watoto yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Wala msitie jerahani majivu, tumbaku au majani yoyote.

Uvimbe huzidi mpaka siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Ukiona damu haikomi baada ya kukandamiza nusu saa, au homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au mtoto hawezi kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Mwananyamala na Temeke zipo hospitali, na mlango wake hufunguliwa usiku.

Nanyi walimu wenzangu wa vyuoni, mtoto huyu msimlazimishe kusoma kwa sauti siku hizo. Herufi za tha, dhal na dhaa zataka ncha ya ulimi ifike kwenye meno ya mbele ya juu, na hapo ndipo penye jeraha. Aketi, asikilize wenzake. Herufi zitamngoja.

Na mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, na jirani akaja na khabari ya meno ya plastiki, mwambie kwa upole kwamba lile jeupe ni chonge, na mahali pake ni pale pale lilipo. Kisha mnyweshe mtoto maji yenye chumvi na sukari, umbebe, na uelekee zahanati.