Unasafiri Ulaya Julai? Dada, beba hizi, hizo nyingine acha nyumbani

Visa imetoka, tiketi ipo, begi liko wazi juu ya kitanda. Swali limebaki moja tu: huko nitavaa nini?

Wengi wakisikia "majira ya joto" wanajaza magauni ya mikono wazi na ndala. Wakifika Amsterdam wanakuta manyunyu na upepo. Wengine wanaamini Ulaya ni baridi mwaka mzima, wanabeba makoti mazito, halafu wanayaburuta Roma kwenye joto la nyuzi 35.

Kwa hiyo usipakie "Ulaya". Pakia miji unayokwenda.

Ukielekea Uholanzi, Uingereza au nchi za Skandinavia, chukulia Nairobi ya mwezi huohuo wa Julai: mchana nyuzi ishirini na kitu, asubuhi na usiku kibaridi. Anayetoka Nairobi au Arusha tayari ana nguo hizo kabatini. Anayetoka Dar, Mombasa au Zanzibar ndiye wa kujipanga: sweta jepesi, koti la mvua linalokunjika likawa dogo, na suruali ndefu mbili.

Pia kumbuka siku ni ndefu sana. Paris mwezi Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo watu wanakula na kupiga stori nje hadi usiku mwingi. Ulitoka mchana na blauzi nyepesi, unarudi unatetemeka. Sweta likae kwenye mkoba hata kama mchana unaliona mzigo.

Kusini ni habari nyingine kabisa. Agosti 11, 2021 kisiwa cha Sicily, Italia, kilipima nyuzi 48.8. Julai 2023 Ugiriki ililazimika kufunga Acropolis ya Athens saa za mchana kwa sababu ya joto. Hata Uingereza haikupona: Julai 19, 2022 ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza. Na usidhani kila chumba kina AC, nyumba nyingi za huko hazina. Nguo ya kulalia iwe pamba nyepesi.

Dera linafaa kuliko unavyofikiri

Kwa joto hilo, dera letu ni jibu. Ni pana, linapitisha hewa, linafunika mabega na miguu, na ukilikunja halichukui nafasi. Vaa taiti fupi ndani. Utalii ni kutembea kutwa, na mapaja yakishachubuka siku ya kwanza, ya pili hutoki hotelini.

Kitenge je? Beba vazi moja la picha na chakula cha jioni, lakini lisiwe na bitana ndani. Jeans moja inatosha, tena ndiyo uivae kwenye ndege. Ukiifua Ulaya ukaianika bafuni, keshokutwa bado ina unyevu.

Khanga, beba doti nzima

Kama kuna kitu kimoja tu ningekulazimisha kubeba, ni khanga (leso, kwa watu wa Mombasa). Kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatican haliruhusu mabega wazi wala nguo inayoishia juu ya magoti, hata nje kukiwa na joto la kuua. Unaweza kupanga foleni ndefu juani, ukafika mlangoni ukarudishwa. Wenye khanga wanajifunga kiunoni au kujitupia mabegani, wanapita. Wasionayo wananunua mitandio kwa wachuuzi wa pale nje.

Khanga hiyohiyo ndiyo shuka la kwenye ndege, ndiyo taulo la ufukweni, ndiyo ya kujitanda jua likiwa kali. Barcelona nayo ina sheria ya jiji inayokataza kutembea mitaani na nguo za kuogelea tu, faini ipo, kwa hiyo ukitoka baharini jifunge. Kata doti upate vipande viwili. Na ifue kabla ya safari, maana khanga mpya ikichuja rangi itaharibu blauzi nyeupe zote begini.

Wanaovaa hijabu na nikabu

Hapa soma taratibu, kwa sababu kuna faini. Hijabu na buibui lenye uso wazi havina shida mtaani. Kufunika uso ndiko kunakokatazwa. Ufaransa sheria hiyo inafanya kazi tangu Aprili 2011, faini inafika euro 150. Ubelgiji, Austria na Denmark nazo zina katazo, na Uswisi ilijiunga Januari 1, 2025 kwa faini inayofika faranga 1,000. Uholanzi imekataza kwenye usafiri wa umma, shule, hospitali na majengo ya serikali. Anayevaa nikabu apange njia yake mapema, hata kama anapita tu kwa treni.

Burkini nayo ina mambo yake. Mabwawa mengi ya kuogelea ya umma Ufaransa hayairuhusu, na Juni 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilikataa kanuni ya mji wa Grenoble iliyotaka kuiruhusu. Ufukweni ni tofauti: mwaka 2016 mahakama hiyohiyo ilisimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet. Mabwawa hayo pia mara nyingi yanataka kila mtu avae kofia ya kuogelea. Kama umesuka rasta nene, nunua kofia kubwa huku huku, zile za kawaida hazitaingia.

Viatu viwili, basi

Raba ambazo umeshazizoea, na sendozi ngumu zenye mikanda. Mitaa ya zamani ya Roma, Prague na Lisbon imetandikwa mawe, ya Lisbon yanateleza kabisa mvua ikinyesha. Visigino vyembamba vinanasa. Ugiriki imekataza viatu virefu kwenye magofu yake ya kale tangu 2009, kwa sababu vinaharibu mawe. Raba mpya usiianzie Ulaya, ivae wiki mbili kabla uwanjani au sokoni.

Ukubwa wa begi

Ndege ya kutoka Dar au Nairobi inaweza kukuruhusu kilo 23 au zaidi. Ukishafika huko ukataka kuruka Roma kwenda Barcelona kwa ndege ya bei rahisi, hesabu inabadilika. Wizz Air, kwa mfano, begi la bure ni la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, yaani linaloingia chini ya kiti. Kubwa zaidi unalipia, na ukingoja kulipia uwanjani ni ghali kuliko ungelipia mtandaoni mapema. Kwenye treni nako ngazi ni nyingi na unajibebea mwenyewe.

Kwa siku kumi, suruali mbili, sketi moja, magauni mawili (dera likiwemo), blauzi tano, sweta na koti la mvua vinatosha. Chagua rangi tatu zinazoelewana ili kila kitu kivaliwe na kila kitu. Mashine za kufulia za kulipia zipo miji mingi.

Mkoba wa kutembelea uwe mdogo, wenye zipu, wa kukatiza kifuani. Wadokozi wa treni za Paris na mtaa wa Las Ramblas, Barcelona, wanajulikana dunia nzima, na mfuko wa nyuma wa jeans ndio kwao.

Mwisho, losheni na krimu ya jua ya zaidi ya mililita 100 weka kwenye begi kubwa. Kwenye lile la mkononi weka chupi mbili, blauzi moja, khanga na pedi, maana begi linaweza kubaki Doha au Addis wewe ukatangulia.